Siku nne Fungu Mbaraka: namna ya kwenda kuvisha ndege pete kwenye kisiwa kisicho na maji wala mti

Kabla hujauliza bei ya boti, hesabu mwezi. Fungu Mbaraka, ambacho ramani za Kiingereza hukiandika Latham, kiko karibu kilomita 70 mashariki ya Dar es Salaam, peke yake kwenye kina kirefu. Hakina gati wala hori la kujificha. Ni bapa la matumbawe na mchanga, urefu wake mita mia tatu hivi, na limeinuka mita 3 tu juu ya bahari. Wenyeji wake ni ndege, na kasa wanaopanda usiku kutaga. Kila kitu utakachokihitaji utakibeba, na kila ulichobeba lazima kivuke povu la mawimbi kabla hakijafika nchi kavu.

Kwa hiyo mwezi kwanza. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mahali uliposhukia asubuhi hapafanani na mahali utakapopakilia jioni. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, na nahodha anaweza kuukariri ufuko mmoja. Lakini ndege tunawakamata usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi nayo ni adui. Tarehe zinazokidhi yote mawili ni siku ya 22 hadi 25 ya mwezi mwandamo: maji yamefifia, na mwezi hauchomozi mpaka usiku wa manane au baada yake, kwa hiyo unapata giza zima kuanzia magharibi. Watu hupanga safari kwa likizo za ofisi, halafu wanashangaa ndege wanawaona kutoka mita hamsini.

Baada ya mwezi, upepo. Kusi ikiwa imeshika, Juni hadi Agosti, usifikirie. Mimi ninategemea maleleji ya mwisho wa mwaka, Oktoba kuingia Novemba, kusi imechoka na kaskazi haijajipanga. Dirisha la pili liko kati ya mwisho wa Februari na Machi, ila masika yakiwahi utalala kwenye hema lililolowa ukisubiri boti lisiloweza kusogea ufukweni. Acha siku mbili za akiba kila upande, na mwambie mwajiri wako ukweli.

Uliza kwanza kama kuna haja

Pete ni kipande cha chuma chenye namba isiyofanana na nyingine. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani mwaka 1899 huko Viborg, na tangu hapo kazi haijabadilika sana: unamkamata ndege, unampa namba, unamwachia, unasubiri mtu mwingine amkute. Kwa ndege wa baharini kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu kuliko maisha ya kazi yako. Albatrosi jike aitwaye Wisdom alivishwa pete na Chandler Robbins kisiwani Midway, katikati ya Pasifiki, mwaka 1956. Robbins mwenyewe alimkamata tena mwaka 2002, na mwishoni mwa 2024 ndege yule alikuwa bado anataga. Pete zilichakaa na kubadilishwa mara kadhaa, yeye akaendelea.

Hiyo ndiyo faida. Hasara ni kwamba kila dakika unayotembea katikati ya viota, kuna yai linalopigwa na jua la ikweta bila mzazi juu yake. Kama huna swali linalohitaji namba mguuni, kwa mfano makinda wa hapa hurudi kutaga hapa au huhamia kwingine, wazee huishi miaka mingapi, basi chukua darubini, wahesabu kutoka kwenye boti, urudi nyumbani. Safari ya kuhesabu nayo ni safari.

Karatasi

Utafiti Tanzania hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wa wanyamapori hupitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Fungu Mbaraka kiko upande wa Zanzibar, kwa hiyo ruhusa ya Zanzibar ni lazima na inakuja na utaratibu wake. Anza miezi sita kabla. Anayevisha pete awe na leseni au awe chini ya macho ya mwenye leseni. Kujifunza kwa video hakutoshi. Afrika Mashariki pete na mafunzo kwa miaka mingi vimetegemea Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, na mahali pazuri pa kujifunzia mkono ni Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamao wamevishwa pete tangu 1969. Ukitoka Ngulia umeshika ndege wadogo mia kadhaa, vidole vyako vitakuwa vimejua kupima nguvu. Kujifunzia juu ya membe wa kilo mbili ni kujitafutia kovu.

Watu sita, si kumi

Mwenye leseni mmoja. Wasaidizi wawili wenye mafunzo. Mwandishi mmoja ambaye hafanyi kingine chochote ila kuandika. Nahodha na baharia wake. Inatosha. Kila mtu wa ziada ni lita sita za maji kwa siku na miguu miwili zaidi juu ya mayai.

Nahodha msimchague kwa bei. Muulize amewahi kushuka pale mara ngapi, na mara ngapi alifika akageuza. Aliyegeuza ndiye unayemtaka. Mmoja wa Kizimkazi alinipa jibu ambalo bado nalitumia kama mtihani. Nilimwamkia, nikamuuliza kama atatufikisha. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Kukufikisha nitakufikisha. Kukushusha, tutaongea tukifika." Tulifika, akaangalia mawimbi robo saa nzima, tukarudi na samaki. Pesa ya mafuta iliuma. Wiki iliyofuata alitushusha bila kiatu kulowa.

Boti liwe la fiba, lenye mashine mbili zinazofanya kazi zote mbili, redio ya VHF ambayo mmeijaribu ufukweni kwenye chaneli 16 ya dharura, na boya la kuvaa kwa kila kichwa. Mafuta gawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la yale usiyoyajua. Mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini. Mashine zikizima hamtaelea kuelekea Dar.

Pete na vyombo vyake

Alumini ya kawaida chumvi huila. Ndege wa baharini ambaye pete inasuguana na mchanga na matumbawe miaka ishirini anahitaji chuma kigumu, cha pua isiyoshika kutu au aloi inayofanana nayo. Agiza ukubwa kulingana na aina utakazozikuta, nazo pale ni nne:

Membe mkubwa mweupe mwenye uso mweusi (Sula dactylatra), kilo moja na nusu hadi mbili. Buabua mgongo-mweusi (Onychoprion fuscatus), karibu gramu 200. Buabua wa kahawia mwenye utosi mweupe (Anous stolidus), uzito unaokaribiana na huyo. Na buabua mkubwa wa kishungi (Thalasseus bergii), gramu 300 na kitu. Wavuvi wengi watakuambia wote ni membe au wote ni shakwe. Usibishane nao, ila kwenye daftari andika jina la kisayansi.

Kwa kila ukubwa wa pete, koleo lake. Koleo la pete lina matundu yaliyochongwa sawasawa na pete; la fundi umeme huponda. Ongeza mizani ya kuning'iniza ya gramu 300, ya gramu 500 na ya kilo mbili na nusu, rula ya bawa yenye kizuizi upande wa sifuri, kalipa ya kupimia mdomo, na mifuko ya kitambaa chepesi, angalau arobaini, mishono ikiwa nje ili kucha zisinase. Taa za kichwa zenye mwanga mwekundu pia, kwa ajili ya kasa. Nyavu mbili za mpini mrefu. Penseli, nyingi. Kalamu ya wino ikikutana na jasho na mavi ya ndege haiandiki.

Pete zipangwe kwa mfuatano wa namba kwenye waya au uzi mgumu kabla hamjaondoka, kila ukubwa waya wake. Usiku, upepo ukivuma, huna mkono wa tatu wa kutafuta namba iliyoruka.

Maji na chungu

Hesabu ni hii. Lita sita kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika na kunawa kidogo. Watu sita, lita 36 kwa siku. Siku nne ni 144, siku mbili za akiba ni 72, jumla 216: madumu kumi na moja ya lita ishirini. Usiyajaze mpaka mdomoni. Dumu lenye nafasi ya hewa linaelea vizuri, na pale mnaweza kulazimika kuyafunga kwa kamba moja na kuyavuta ufukweni kama vyelezo. Wali upikie robo maji ya bahari, robo tatu maji baridi. Umeokoa maji na chumvi hukununua.

Chakula kisiwe cha ufundi. Mchele, dengu, dagaa, vitunguu, ndimu, tende, karanga, maandazi makavu ya siku mbili za mwanzo, mtungi mdogo wa gesi. Ndimu msisahau. Siku ya tatu mdomo umejaa chumvi na harufu ya mavi ya ndege, na chai ya ndimu ndiyo itakayowafanya watu wasemezane vizuri.

Ukaguzi kabla ya kupakia

Watu hulipuuza hili, nami ningeahirisha safari kwa ajili yake. Mwage kila kitu kwenye sakafu safi, siku moja kabla. Fungua mahema, kung'uta, tazama ndani ya mikunjo. Unatafuta panya, mijusi, sisimizi na mbegu. Panya mmoja mwenye mimba akishuka kwenye kisiwa ambacho ndege wote hutaga chini, kazi yako ya kuvisha pete imekwisha na yake imeanza. Kisiwani Chumbe, hapo tu karibu na mji wa Unguja, walilazimika kuwaondoa panya mwaka 1997, na Chumbe kuna watu wa kuishughulikia. Fungu Mbaraka hakuna mtu wa kuona kwamba kuna tatizo.

Chakula chote kiwe kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana. Magunia wazi na maboksi ya katoni yabaki bandarini. Viatu sugueni nyayo kwa brashi.

Kushuka

Ondokeni alfajiri, mfike kabla upepo wa mchana haujaamka. Nahodha azunguke kisiwa mara moja kwa mbali. Katika mzunguko huo mambo mawili yatazamwe: ufuko ulio upande wa pili wa upepo, na ndege waliokufa. Mkiona mizoga mingi, msishuke. Mafua makali ya ndege yaliua maelfu kwa maelfu ya ndege wa baharini Ulaya na kwingineko kuanzia 2021, na viatu vyenu vinaweza kuyabeba kutoka hapa kwenda kwingine. Pigeni picha, mtoe taarifa kwa maafisa wa mifugo na wanyamapori mkirudi.

Kama pako salama, wanatangulia wawili, wepesi, bila mizigo. Wanasimama, wanachagua njia isiyopita kwenye viota, wanaiwekea alama kwa mawe au vijiti vyenye vitambaa. Ndipo mizigo ifuate, na kila mtu apite njia hiyo hiyo siku zote nne. Mtakuta njia imekuwa nyeupe kwa nyayo, na pembeni yake ndege wamezoea.

Kambi

Tafuta mstari wa mwani mkavu na takataka ambao bahari iliuacha mara ya mwisho kwa bamvua, panda juu yake, halafu ukae pembezoni, mwisho wa kisiwa wenye viota vichache. Usipige hema mbele ya njia za kasa. Mikokoto yao mchangani huonekana wazi kama ya tairi.

Vigingi havitaingia. Ardhi ni jiwe, na mahali pengine ni mavi ya ndege yaliyogandana kama saruji. Beba viroba vitupu, vijaze mchanga, ndivyo vitakavyoshika kamba. Turubai la kivuli ni muhimu kuliko hema. Hakuna mti. Kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni hamtafanya kazi yoyote, mtakuwa chini ya turubai hilo mmelala, mnaandika au mnagombana. Liwe kubwa.

Haja ndogo na kubwa: chini ya mstari wa maji kujaa, upande mmoja uliokubaliwa. Takataka zote hurudi Dar, hata maganda ya ndimu.

Na kelele. Buabua mgongo-mweusi halali. Anaita usiku kucha, maelfu kwa pamoja. Pamba za masikio.

Kazi yenyewe

Gawa siku mara tatu. Usiku, kuanzia saa mbili mpaka mwezi unapochomoza, ni wa watu wazima. Alfajiri, tangu pambazuko hadi saa mbili asubuhi, ni ya makinda. Jioni baada ya saa kumi na moja ni ya kusoma pete za zamani kwa darubini. Mvua ikinyesha acheni kila kitu, kwa sababu kinda aliyeloa bila mzazi hupoa haraka kama anavyoungua.

Popote mlipo, mwandishi ana saa. Dakika ishirini kwenye sehemu moja ya koloni, halafu anasema "muda", na mnaondoka, hata kama umeshika ndege wa mwisho wa waya. Mpeni mwandishi mamlaka hayo mbele ya wote siku ya kwanza. Mwenye leseni hunogewa, nimejiona mwenyewe.

*Usiku.* Wawili huenda pamoja, mmoja na taa ya mwanga mwembamba, mwingine na wavu wa mpini. Msiingie katikati. Chukueni waliosimama pembezoni, wasio na yai wala kinda. Mwanga machoni, wavu chini polepole, mkono juu ya mgongo, mabawa yafungwe kabla ndege hajaanza kupigapiga. Shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ulale kiganjani. Vidole vinazuia, havibani: ndege hupumua kwa kutanua kifua, na mkono unaomkaba kifuani unaweza kumuua bila wewe kusikia chochote. Mfukoni, kamba ivutwe, mfuko utundikwe. Mfuko wa ndege hauwekwi chini.

Kuvisha: fungua pete kwa pini ya koleo kiasi cha mguu kupita tu. Izungushe mguuni, kaza mara ya kwanza mwanya ukitazama mdomo wa koleo, kisha zungusha robo, kaza tena ili ncha zikutane. Pitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha ukinasa, bado. Ncha zikipandana, umeharibu, na kuitoa ni kazi ya mwenye leseni peke yake, kwa nyaya mbili zinazovutwa pande mbili, polepole. Pete iliyokaa sawa huzunguka na kuteleza juu chini bila kupita kwenye kifundo.

Kisha namba. Anayevisha anaisoma kutoka kwenye pete, si kutoka kichwani kwa kufuata iliyotangulia. Mwandishi anairudia kwa sauti. Mara mbili. Makosa mengi niliyoyakuta kwenye madaftari yametokea pale namba "iliyofuata" ilipodhaniwa ipo, kumbe ilidondoka mchangani.

Pima bawa likiwa limekunjwa, limelazwa na kunyooshwa juu ya rula. Pima uzito ndani ya mfuko, toa uzito wa mfuko. Angalia kama anabadilisha manyoya. Ukimaliza, zima taa, mweke ndege chini akielekea upepo, mpe dakika moja ya giza. Ukimrusha hewani akiwa bado amepofushwa na mwanga ataanguka kwenye viota vya wenzake.

*Alfajiri.* Kinda wa buabua mgongo-mweusi hukimbia. Ukimfukuza atakimbilia kwa jirani asiye mama yake, na jirani atamdonoa mpaka damu. Akikimbilia maji ndiyo basi. Weka uzio mdogo wa kitambaa, kimo cha goti, wenye mdomo mpana, wasogeze taratibu, wasizidi ishirini kwa mara. Wavisheni pete haraka, muwarudishe hapo hapo mlipowatoa. Miguu ya makinda wa buabua hukomaa mapema kuliko mabawa, ndiyo sababu wanaweza kuvishwa pete kabla ya kuruka, lakini si wote. Baada ya kuvisha, kunja vidole vyake pamoja, jaribu kuivuta pete itoke. Ikitoka, mwache huyo akue.

Buabua wa kishungi ni habari nyingine. Hutaga wamebanana, na ukiwaingilia wakati wa mayai wanaweza kulisusa koloni zima. Kama bado wana mayai, wapite mbali, wahesabu, basi. Makinda wao wakishakua hukusanyika kama watoto wa chekechea ufukweni. Hapo ndipo mnaweza kuwafanyia kazi, mara moja tu, si kila siku.

Membe

Nimemwachia nafasi yake kwa sababu ndiye anayepeleka watu hospitali. Mdomo wake ni mrefu, una meno madogo kama msumeno, na analenga jicho. Miwani ya kazi kwa kila anayesogea, hata mwandishi. Mmoja anamshughulisha kwa fimbo yenye kitambaa mbele, mwingine anakuja kwa nyuma, anashika mdomo kwanza, kisha anakumbatia mabawa. Watu wawili, siku zote: mmoja anashika, mmoja anavisha.

Sasa sikiliza. Membe hana matundu ya pua ya nje. Anapumulia pembeni mwa mdomo. Ukiufunga mdomo wake kwa utepe au mpira, au ukiubana kabisa kwa mkono, unamnyonga. Acha kidole kimoja kati ya taya, ndani ya glavu, hewa ipite.

Atatapika. Mwandishi asiruke nyuma, aandike: panzi wa baharini wangapi, ngisi wangapi, urefu gani. Bila kupasua tumbo la ndege umejua anakula nini. Kiotani mwake hukuta mayai mawili, lakini kinda anayepona kwa kawaida ni mmoja, wa kwanza kuanguliwa, aliyemtoa mdogo wake kiotani. Usimrudishe yule aliyetolewa. Nilimrudisha mara mbili asubuhi moja. Mara ya tatu nikaelewa.

Kumwachia: mweke chini, rudi nyuma na mwili wako wote, mdomo uwe wa mwisho kuachwa.

Kupe, jua na wageni

Koloni za ndege wa baharini zina kupe, na wanakuja usiku. Hema lifungwe zipu muda wote, msilale juu ya mchanga. Majeraha ya matumbawe yasafishwe kwa maji baridi na dawa siku hiyo hiyo, hata mkwaruzo, maana hayaponi yenyewe kwenye joto lile. Mtu akiacha kutoka jasho na akianza kuongea ovyo, mlazeni kivulini, mlowesheni, na nahodha aambiwe aandae mashine. Hiyo si homa ya kusubiri asubuhi.

Nchi kavu abaki mtu mmoja mwenye karatasi yenu: majina, boti, siku ya kurudi, na saa ambayo ikipita bila habari atawaarifu watu wa uokoaji baharini. Simu ya setilaiti iwashwe mara moja kila jioni, kwa saa ile ile.

Wavuvi watakuja, kwa kuwa maji yale yana jodari. Wengine wameshuka pale kabla yako kuokota mayai. Usiwapokee kwa hotuba. Wapikieni chai, waonyesheni pete, waulize wameziona wapi. Mvuvi anayejua kwamba namba ya pete inasomwa na kuripotiwa, kwamba ndege mzima havuliwi pete, na kwamba ya ndege aliyekufa picha yake inatosha, atawaletea habari ambazo nyinyi hamtazipata kwa siku nne.

Daftari na kurudi

Kila mchana, chini ya turubai, mwandishi anapitia kurasa za usiku na aliyevisha akiwa pembeni, na kila ukurasa unapigwa picha. Namba, aina, umri, bawa, uzito, saa, sehemu ya kisiwa, herufi za aliyevisha. Ndege aliyekamatwa akiwa na pete ya zamani aandikwe kwa makini maradufu na pete yake ipigwe picha pande zote. Huyo mmoja ana thamani kuliko wapya kumi.

Siku ya kuondoka msivishe pete. Ng'oeni, mwage mchanga wa viroba ulipotoka, mtembee njia yenu mara ya mwisho mkiokota vitambaa vya alama. Kabla ya mizigo kupanda botini, kung'uteni tena, kwa sababu kupe hawajui mipaka ya Zanzibar na Bara.

Nyumbani, koleo na mizani zioshwe kwa maji baridi na kupakwa mafuta usiku huo huo. Halafu hesabuni pete: zilizobaki kwenye nyaya, zilizovishwa, zilizoharibika. Jumla ilingane na mliyoondoka nayo kabla data haijatumwa. Ikipungua moja, usiseme imepotea baharini mpaka kila mtu amekung'uta mifuko ya suruali yake.